Namna Mwanamuziki wa Kiswahili Alivyotafutwa: Kutoka Santuri za Bombay hadi Injini za Utafutaji

Injini ya utafutaji, yaani programu inayokusanya kurasa za intaneti, kuzipanga katika faharasa na kumletea mtu zile zinazokaribiana na maneno aliyoyaandika, haikuundwa ikiwa na masikio. Tangu programu za aina hiyo zilipoanza kutumiwa na watu wengi katika miaka ya 1990, zimekuwa zikisoma maandishi, na wimbo ambao haukuandikiwa jina, mwimbaji, mwaka wala mahali ulikotoka ulihesabiwa kuwa haupo, hata kama uliimbwa katika kila harusi kutoka Lamu hadi Lindi. Kwa mwanamuziki wa kujitegemea, yaani yule anayerekodi na kusambaza kazi yake bila mkataba na kampuni kubwa, jambo hilo lilizua kazi ya ziada juu ya kutunga na kupiga, nayo ni kuuandikia wimbo wake maelezo ambayo mashine itayatambua na msikilizaji atayafikia. Kazi hiyo huelezwa siku hizi kana kwamba ilianza na Google, lakini katika Afrika Mashariki ina umri wa karibu karne moja, kwa kuwa tangu santuri za mwanzo za Kiswahili zilipouzwa, aliyeliandika jina la mwimbaji, tahajia aliyoitumia na daftari aliloliandikia ndivyo vilivyoamua kwa kiasi kikubwa nani atafutwe na nani asahaulike.

Mfano ulio wazi zaidi wa siku za mwanzo ni wa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kujifunza uimbaji. Mwaka 1928 yeye na wenzake wa kikundi walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya Gramophone Company, kampuni ya Uingereza iliyotumia alama ya His Master's Voice. Santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu kwa kila upande, hivyo utungo wa taarab, ambao ukumbini ulirefushwa kwa viitikio na kwa kutuzwa, ulilazimika kukatwa ili uenee. Lakini wimbo huo uliokatwa ulipata kitu ambacho taarab ya ukumbini haikuwa nacho, yaani lebo ya karatasi katikati ya sahani, yenye jina la mwimbaji, jina la wimbo na namba ya katalogi. Kwa namba hiyo mwenye duka wa Mombasa au Dar es Salaam aliweza kuagiza sahani ileile bila kumjua mwimbaji, bila kuusikia wimbo, na pengine bila kuelewa Kiswahili chake. Mteja, ambaye mara nyingi hakusoma herufi za Kirumi ingawa huenda alisoma za Kiarabu, aliingia dukani akalitaja jina kwa mdomo, na muuzaji akalibadili kuwa namba. Kazi ambayo leo hufanywa na kisanduku cha kuandikia juu ya kioo cha simu ilifanywa wakati huo na mtu aliyesimama nyuma ya kaunta, na ustadi wake wa kusikia jina na kulilinganisha na karatasi yake ulikuwa sehemu ya umaarufu wa Siti, ingawa waandishi wa historia ya taarab hawajampa muuzaji huyo nafasi anayostahili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, biashara ya santuri ilihamia karibu zaidi na wasanii wenyewe. Mombasa ilikuwa na duka la Assanand & Sons lililotoa santuri kwa lebo ya Mzuri, na Nairobi ilikuwa na studio zilizorekodi waimbaji wa gitaa na vikundi vya dansi, mojawapo ikiwa Equator Sound Studios iliyohusishwa na Fadhili William na wimbo wa Malaika. Wimbo huo unafaa kutajwa kwa sababu unaonyesha mapema tatizo ambalo injini za utafutaji zingelirithi. Mtunzi wake amekuwa akibishaniwa kwa miongo mingi, huku wengine wakimtaja Adam Salim na wengine Fadhili William mwenyewe, na ulipoimbwa na Miriam Makeba, kisha Boney M, kisha Angélique Kidjo, kila toleo liliongeza maandishi kuhusu mwimbaji wa wakati huo na kumsukuma mbali zaidi yule wa kwanza. Aliyeingia katika orodha za kampuni kubwa alipatikana kwanza. Aliyeandikwa kwenye lebo ndogo ya Nairobi alisubiri mtafutaji mwenye subira. Zaidi ya hayo, jina la wimbo wenyewe ni neno la kila siku, na yeyote anayeliandika leo peke yake huletewa malaika wa dini, majina ya watoto na majina ya maduka pamoja na wimbo.

Wakati wauzaji wakiandika ili wauze, Hugh Tracey aliandika ili ahifadhi. Mwingereza huyo aliyeishi kusini mwa Afrika alipita Afrika Mashariki na vyombo vyake vya kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi cha ILAM. Kwa kila wimbo alijaza kadi yenye lugha, mahali, ala, majina ya waimbaji kadiri yalivyojulikana na aina ya wimbo, na katalogi ya mfululizo wake wa The Sound of Africa ilichapishwa mwaka 1973 katika juzuu mbili. Ni haki kusema kwamba wanamuziki waliorekodiwa hawakufaidika na kadi hizo walipokuwa hai, kwa kuwa zilisomwa na wataalamu wa vyuo vikuu ambao hawakuwa na haja ya kuwaalika kupiga harusini. Faida ilionekana baadaye sana: wimbo wa Chemirocha, uliorekodiwa kwa wasichana wa Kikipsigis mwaka 1950, uliweza kurudishwa kwa jamii yao katika muongo wa 2010 kwa sababu kadi ilisema ulitoka wapi. Maelezo ya aina hiyo, yaani habari zinazoambatana na rekodi bila kuwa sehemu ya sauti yenyewe, ndiyo ambayo mafundi wa kompyuta huyaita metadata.

Upande wa Tanganyika, baadaye Tanzania, redio ndiyo iliyoshika nafasi ya katalogi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na kuanzia 1965 ikajulikana kama Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa karibu miongo mitatu ilikuwa mlango pekee mkubwa ambao bendi ya dansi au kikundi cha taarab kingepitia ili kisikike nchi nzima. Bendi zilirekodi katika studio ya redio, kanda ikabaki kwenye rafu ya redio, na wimbo ukamfikia msikilizaji pale mtangazaji alipoamua kuucheza au pale salamu za wasikilizaji zilipouomba. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi, kwa hiyo wanamuziki waliotaka sahani walivuka kwenda Nairobi, njia iliyokuwa ngumu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mpaka kufungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960 hadi 1980 haikuwahi kuwa bidhaa yenye lebo na namba, bali ilikuwa kumbukumbu ndani ya jengo moja, ikipatikana kwa anayemjua mtunza maktaba wa hapo. Mtunza maktaba huyo alipostaafu, sehemu ya faharasa ilistaafu naye.

Majina ya bendi zenyewe yaliongeza ugumu, na hapa historia ya siasa inaingia moja kwa moja katika historia ya utafutaji. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA iliitwa NUTA Jazz. Chama kilipobadilishwa kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kilipokuja kuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Na hatimaye ikajulikana kama Msondo Ngoma, jina ambalo wapenzi wake walikuwa wakilitumia kwa mtindo wake muda wote huo. Mshindani wake mkuu, Mlimani Park, aliyeanzishwa mwaka 1978, huandikwa Mlimani Park, DDC Mlimani Park au Sikinde, ikitegemea anayeandika anatokea kwenye lebo, kwenye shirika lililoimiliki bendi au kwenye ukumbi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hakuna utata, kwa sababu anaziona bendi mbili na watani wawili wa jadi. Kwa mashine inayolinganisha herufi, hizo ni bendi saba zisizojuana, kila moja ikiwa na nyimbo chache, na hakuna hata moja yenye uzito wa kutosha kuletwa juu ya orodha. Waimbaji waliohama kutoka bendi moja kwenda nyingine, jambo lililokuwa la kawaida katika dansi, walipotea mara mbili, kwanza kwa sababu lebo nyingi zilitaja bendi bila kumtaja mwimbaji, na pili kwa sababu jina la bendi nalo halikutulia.

Kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963 na kuenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980, iliutoa muziki mikononi mwa redio na kuupeleka sokoni, lakini iliupeleka bila jina. Katika mtaa wa River Road jijini Nairobi na katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, kanda zilinakiliwa kwa wingi, karatasi ya jalada ikatolewa fotokopi ya fotokopi, na mara nyingi mnunuzi alibaki na maandishi ya kalamu yenye jina la bendi na pengine la wimbo mmoja. Uharamia huo umelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwanyima wasanii mapato yao. Umelaumiwa mara chache mno kwa kufuta maandishi yaliyozunguka sauti, hasara ambayo haikurekebishwa hata pale sheria mpya ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilipozaa chama cha hakimiliki cha COSOTA. Wakati huohuo wapenzi wa nje walikuwa wakifanya kazi ya kinyume chake. John Storm Roberts, aliyekuwa ameishi Kenya kabla ya kuhamia Marekani, alitoa kupitia lebo yake ndogo ya Original Music mkusanyo ulioitwa Songs the Swahili Sing mwaka 1983, na kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa taarab ya Zanzibar na ya Zein l'Abdin wa Mombasa mwishoni mwa muongo huo na mwanzoni mwa uliofuata. Vijitabu vilivyoambatana na sahani hizo vilieleza ala, mashairi na historia, na si jambo la kushangaza kwamba intaneti ilipofika, wasanii waliotajwa humo ndio walioanza kupatikana.

Intaneti yenyewe ilianza kuhusika na wanamuziki wa kujitegemea mwaka 1993, wakati wanafunzi wa Santa Cruz, California, walipoanzisha hifadhi iliyoitwa Internet Underground Music Archive ili vikundi visivyo na mkataba viweke nyimbo zao mtandaoni. Mwaka uliofuata Yahoo! ilianza kama orodha ya tovuti iliyopangwa na watu kwa mikono, ambapo mwanamuziki aliomba awekwe chini ya kichwa kinachomfaa na kusubiri mhariri akubali, na mwishoni mwa 1995 ikaja AltaVista, iliyosoma maneno ya kurasa nzima bila kumsubiri mhariri. Hapo ndipo ilipozaliwa biashara ya kusaidia kurasa zipatikane. Mbinu zake za mwanzo zilikuwa za kitoto: kurudia neno mara mia kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, au kuweka katika sehemu iliyofichwa ya ukurasa majina ya wanamuziki mashuhuri ambao mwenye ukurasa hakuhusiana nao kabisa. Derek Sivers, aliyeanzisha duka la CD Baby mwaka 1998 kwa ajili ya wasanii wasio na kampuni, alichukua wazo hilohilo akalifanya la uaminifu, kwa kuwataka wasanii waseme waziwazi muziki wao unafanana na wa nani, ili anayemtafuta mashuhuri amkute asiye mashuhuri njiani. Wapiga ngoma wa pwani waliojitambulisha kwa kumtaja fundi aliyewafunza wangeielewa mbinu hiyo mara moja.

Mwaka huohuo wa 1998 Larry Page na Sergey Brin waliianzisha Google juu ya kanuni iliyobadilisha hesabu yote. Kanuni hiyo, iliyoitwa PageRank, ilikichukulia kila kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kuwa kura, na kura ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi ikawa na uzito zaidi. Kurudiarudia jina hakukusaidia tena. Kilichosaidia ni kutajwa na wengine. Kwa upande mmoja hilo lilikuwa jambo la haki, kwa kuwa sifa ya msanii kwa kawaida hutoka kwa watu wengine. Kwa upande mwingine, kura zilipigwa na wale tu waliokuwa na kurasa, na mwaka 1998 wengi wa wenye kurasa walikuwa Marekani na Ulaya. Muziki wa Kiswahili uliingia katika hesabu hiyo ukiwa na wapiga kura wachache sana, wengi wao wakiwa Wazungu wapenzi wa muziki wa Afrika na Waswahili walioishi ughaibuni, kama ilivyokuwa kwa tovuti ya Africanhiphop.com iliyoendeshwa kutoka Uholanzi tangu miaka ya 1990, ambayo iliwatangaza warapu wa Tanzania kwa wasomaji wa nje wakati ambapo vijana wa Dar es Salaam wenyewe walikuwa wakilipia dakika katika kafe za intaneti. Kikundi cha X Plastaz cha Arusha, kilichotoa albamu Maasai Hip Hop nchini Ujerumani mwaka 2004, kilijulikana Ulaya kwa njia ya namna hiyo kuliko vikundi vilivyokuwa na mashabiki wengi zaidi nyumbani.

Nyumbani, njia ilikuwa nyingine kabisa. Redio binafsi, zikianza na Radio One mwaka 1994 na kufuatiwa na Clouds FM, ziliulea muziki uliokuja kuitwa Bongo Flava, na msanii chipukizi alitafuta kupatikana kwa kumfikia mtangazaji, kumfikia mtayarishaji kama Master Jay au P-Funk, kisha kumfikia msambazaji wa Kariakoo. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemtaka awe na jina linalotafutika, na majina yaliyochaguliwa yanaonyesha hivyo. Joseph Mbilinyi amejulikana kama II Proud, Mr. II na Sugu, majina matatu ambayo kila moja lina ugumu wake kwa mashine, hasa lile lenye tarakimu za Kirumi. Ambwene Yessayah alijiita AY, herufi mbili ambazo katika lugha nyingi ni kipande tu cha neno. TID, jina la msanii mwingine, lilikuwa kifupi ambacho kimetumiwa pia kwa mambo mengine. Majina hayo yalikuwa bora kabisa kwa mdomo wa mtangazaji. Kwa upande mwingine Naseeb Abdul aliongeza kwenye Diamond, neno ambalo lingemzika chini ya vito na chini ya Neil Diamond, neno la pili lenye tahajia isiyo ya kawaida, Platnumz, na kwa sababu zozote zile alizolichagulia, alipata jina ambalo ni vigumu kulichanganya na la mtu mwingine.

Kasi ya mabadiliko iliongezeka baada ya mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti yalitegemea setilaiti, ghali na ya polepole, na kutazama wimbo mzima kwenye YouTube, iliyoanzishwa 2005 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata, kulikuwa anasa. Baada ya hapo YouTube ikawa, kwa vijana wa miji ya Afrika Mashariki, injini ya utafutaji wa muziki kuliko Google yenyewe, na ufundi mpya wa kuandika ukaenea kwa kuigana: jina la msanii kwanza, kistari, jina la wimbo, jina la mshirikishwa, kisha maneno ya kuonyesha kwamba ni video rasmi. Mfumo huo mfupi ulifanya kwa muziki wa Kiswahili kile ambacho lebo ya Gramophone Company ilikifanya, safari hii ukiandikwa na msanii au meneja wake badala ya karani wa kampuni. Mdundo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili watu wapakue nyimbo kihalali, na Boomplay baada yake, zilidai maelezo hayo yajazwe katika fomu. Spotify ilipofungua huduma zake Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021, ilikuta wasanii wengi tayari wakijua kwamba rekodi hupewa msimbo wa kimataifa wenye herufi na tarakimu 12, unaoitwa ISRC, ili rekodi mbili zenye jina moja zisichanganywe.

Hata hivyo kulijaza jina vizuri hakutoshi pale ambapo injini imeacha kulinganisha maneno na kuanza kutambua watu. Mwaka 2011 Google, Bing na Yahoo! zilikubaliana kuhusu schema.org, msamiati wa pamoja unaomwezesha mwenye ukurasa kuieleza mashine kwamba jina fulani ni la mwanamuziki na jingine ni la albamu, na mwaka 2012 Google ilizindua Knowledge Graph, hazina ya watu, mahali na vitu inayolisha kile kisanduku chenye picha na wasifu kinachojitokeza kando ya matokeo. Hazina ya namna hiyo hujengwa kwa kutegemea sana vyanzo kama Wikipedia, na baadaye Wikidata, na Wikipedia hukubali makala pale yanapokuwepo maandishi yaliyochapishwa na watu wengine kuhusu mhusika. Hapa ndipo historia yote iliyotangulia inapolipiza kisasi. Maandishi kuhusu bendi za dansi yapo, katika kurasa za Uhuru, Mzalendo na Daily News za miaka ya 1970, lakini yako kwenye karatasi katika maktaba chache, hivyo mpiga gitaa aliyesifiwa gazetini kwa miaka ishirini huonekana na mashine kama mtu asiyewahi kuandikwa. Mshauri wa utafutaji anayemwuzia msanii mzee ukurasa mzuri bila kwanza kumsaidia kuyapata na kuyaweka wazi maandishi hayo anamwuzia mapambo, na biashara hiyo ya mapambo ni kubwa kuliko inavyostahili.

Lugha nayo ina mchango wake. Injini nyingi ziliundwa kwanza kwa ajili ya Kiingereza, ambamo neno hubadilika mwishoni, kwa hiyo ni rahisi kuikata tamati na kubaki na shina. Kiswahili hubadilika mwanzoni na katikati: wimbo na nyimbo, mwimbaji na waimbaji, aliimba, ameimba na wanaoimba vyote ni vya ukoo mmoja, lakini mianzo yake hailingani. Injini isiyofunzwa uambishaji wa Kiswahili huvihesabu kama maneno yasiyohusiana, na mtu aliyeandika swali lake kwa umbo moja hukosa ukurasa ulioandikwa kwa umbo jingine. Majina ya watu wa pwani hubeba mzigo wa pili, kwa kuwa yalihamishwa kutoka hati ya Kiarabu kwenda ya Kirumi na makarani wa nchi tofauti: binti au bint, Fatuma au Fatma, Zein au Zain. Bi Kidude, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki mwaka 2013, alisalimika kwa kuwa jina lake la utani halina umbo la pili; angetegemea jina lake la kuzaliwa, kumbukumbu zake zingegawanyika.

Singeli, muziki wa kasi uliokulia Manzese, Mburahati na mitaa jirani ya Dar es Salaam, unaonyesha hali ilivyo sasa bila kuficha kitu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, wenye kazi za studio moja ya Mburahati, ukauzwa kwenye tovuti ya Bandcamp ukiwa na maelezo ya Kiingereza na kuandikwa katika majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani. Anayetafuta singeli kwa Kiingereza huwapata watayarishaji wa studio hiyo, akina Bamba Pana na Jay Mitta. Anayetafuta kwa Kiswahili, hasa ndani ya YouTube, huwapata Msaga Sumu na Man Fongo, waliojaza viwanja nyumbani. Makundi haya mawili yametoka jiji moja, na mpaka kati yao umechorwa na lugha ya maandishi yaliyowazunguka.

Hifadhi za mtandao zenyewe hazikuwa imara kama zilivyodhaniwa. MP3.com, iliyokuwa kimbilio kubwa la wasanii wa kujitegemea mwishoni mwa miaka ya 1990, ilifutwa nyimbo zake mwaka 2003 baada ya jina la tovuti kuuzwa, na mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa humo kati ya 2003 na 2015, zilizokadiriwa kufikia milioni 50, zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha data. Santuri za Siti, ambazo zilivunjika kwa urahisi, zimedumu kuliko hizo.

Tangu mwaka 2020 Google imemwezesha mtu kuutafuta wimbo kwa kuuvumisha mdomoni, na injini ya watu wote imeanza kusikiliza. Lakini mvumo huo hulinganishwa na rekodi ambazo tayari zimeingizwa zikiwa na majina yake, hivyo kanda iliyo kwenye rafu ya redio bado haipatikani kwa njia hiyo. Kwa nyimbo za zamani za Kiswahili, njia inayotumiwa zaidi na watu ni nyingine: mtu hukumbuka kipande cha shairi, hukiandika, na kutumaini kwamba mwingine aliyaandika maneno hayo kabla yake. Mashairi ya Siti na wenzake yana bahati hiyo, kwa kuwa yalikusanywa katika kitabu cha Waimbaji wa Juzi kilichochapishwa Dar es Salaam mwaka 1966, na mwandishi Shaaban Robert naye aliandika wasifu wa mwimbaji huyo. Mashairi ya dansi, ambayo kwa ustadi wa lugha hayapungukiwi na yale ya taarab, hayakupata wakusanyaji wa kiwango hicho, na sehemu kubwa ya maandishi yake yaliyomo mtandaoni leo imeandikwa na mashabiki kwa kusikiliza na kurudia, pamoja na makosa ya masikio yao, chini ya video ambazo nyingine hazitaji hata bendi.